Saa Moja ya Kila Juma

Baadhi yenu mnatuuliza: mke wa mtu afuate nini kila juma katika klabu ya huduma kama Rotary ya Mji Mkongwe?

Rotary ilianza Chicago mwaka 1905. Wanachama walikutana kwa zamu katika ofisi zao, na jina likatokana na kuzunguka huko. Nasi twazunguka nyumba kwa nyumba, ila chai yetu ina iliki! Wanawake hawakukubaliwa kuwa wanachama duniani kote hadi mwaka 1989.

Sisi wauguzi twaijua Rotary kwa matone ya polio. Mwaka 1985 ilianza kampeni ya kuchanja watoto duniani kote, na mwaka 2020 Afrika ikatangazwa haina tena virusi vya asili vya polio. Lakini mwaka 2022 vikaonekana tena Malawi na Msumbiji, majirani zetu. Mtoto akishapooza, hatuna dawa ya kumrudishia mguu wake.

Basi ukialikwa, zungumza na mwenzio, uende. Ila leo jioni kwanza itazame kadi ya kliniki ya mwanao. Kama kuna tone alilokosa, mlete, hata kama amechelewa. Hatutakugombeza.