Mara ya Mwisho Umemsikia Lini?

Mara ya mwisho umemsikia lini kwa sauti yake mtoto wako anayesoma Tunguu?

Stetasi yake umeiona jana. Kavaa vizuri, yuko Forodhani na wenzake, anacheka. Ukamshukuru Mungu, ukapita. Lakini pengine picha ile ni ya wiki iliyopita, na jana usiku mwanao alikuwa dakhalia, simu usoni, usingizi hauji mpaka adhana ya alfajiri.

Tunguu kuna vyuo vikuu viwili, SUZA na Zanzibar University. Wanafunzi wengine wamevuka bahari kutoka Pemba. Kwao simu ni kitu cha lazima. Ratiba imo humo, tangazo la mwalimu limo humo, sauti ya mama imo humo. Nani atawaambia waitupe?

Ila kijana huingia kutafuta somo, akatoka baada ya saa mbili ameshaona harusi ya huyu, gari ya yule, na mwenzake aliyepata nafasi ya kusoma ng'ambo. Akijitazama yeye na deni lake la bando, moyo unashuka. Mei 2023 daktari mkuu wa serikali ya Marekani, Vivek Murthy, alitahadharisha kwamba watoto na vijana wanaopitisha zaidi ya saa 3 kwa siku kwenye mitandao ya kijamii wamo katika hatari maradufu ya kupata matatizo ya afya ya akili, zikiwemo dalili za sonona na wasiwasi. Pengine simu ndiyo inayoleta huzuni. Pengine mwenye huzuni ndiye anayeikimbilia simu. Vyovyote iwavyo, anahitaji mtu.

Wazee wetu walikuwa na baraza. Ukikosekana siku mbili, mtoto hutumwa kwenu: "Nimeambiwa nikutazame, huumwi?" Kwenye grupu la watu mia mbili, aliyenyamaza nani anamuona?

Basi tusaidiane. Mzazi, piga simu, na usianzie kwenye matokeo ya mitihani. Muulize kala nini, analala saa ngapi, rafiki yake nani. Mwalimu, tangazo la saa 5 usiku haliwezi kungoja asubuhi? Mama unayekodisha vyumba, ukipika uji, mwite na mpangaji wako.

Nawe mwanafunzi, mwanangu, simu ilale mbali na kitanda, hata ikibidi ununue saa ya kukuamsha. Mwenzako wa chumba kimoja mnatumiana vichekesho hali mmepishana hatua tatu. Ukimuona kageukia ukutani siku ya pili, mshike mkono mtoke mkanywe chai.

Na kama hali chakula, haendi darasani, au anasema kachoka na maisha, usimwache peke yake, na msingoje ipite. Mpelekeni hospitali. Pale mjini ipo ya Kidongo Chekundu, inayotibu maradhi ya akili. Homa ikimshika tunakwenda bila kuona haya. Kwa nini tuone haya kwa hili?

Leo baada ya magharibi, piga simu moja. Atakujibu, "Salama tu." Usikate. Nyamaza kidogo, umpe nafasi aendelee.