Kasri la kwenye Friji

Kwa miezi miwili mlango wa friji letu ulikuwa na picha ya kasri. Langenburg, jimbo la Baden-Württemberg, Ujerumani: minara ya duara juu ya kilima, uso wa mtindo wa baroki wa karne ya 18, bustani iliyonyolewa utadhani kwa wembe. Mume wangu alitaka tutimizie huko miaka 10 ya ndoa. Mimi nikapiga hesabu ya viza na tiketi, nikanyamaza.

"Wewe kila kitu bajeti," akasema. Iliniuma, maana ni kweli.

Tukaishia Matema. Basi hadi Kyela, kisha gari dogo kupitia Ipinda, na bwana kanuna njia nzima (hata mchele mpya wa barabarani hakuutazama!). Jioni, mbele ya mbasa wa kuchoma, nikamwonyesha kidole milima ya Livingstone inavyoshukia ziwani.

"Langenburg yako ilikuwa kule."

Akadhani namtania. Nilikuwa nimesoma kimyakimya, nakiri, nikitafuta cha kumtuliza. Miaka ya 1890 Wajerumani walijenga kituo chao Lumbila, ng'ambo ya Matema kuelekea Ludewa, wakakiita Langenburg. Jina ni la Hermann wa Hohenlohe-Langenburg, mwanamfalme wa kasri lile lile, aliyeongoza chama cha Wajerumani waliotaka makoloni. Meli yao, Hermann von Wissmann, ililetwa vipande vipande kwa mito ya Zambezi na Shire. Penye maporomoko, vyuma vikapita nchi kavu kwa nguvu za wapagazi. Iliingia majini mwaka 1893. Baadaye makao yakahamia Tukuyu, yakaitwa Langenburg Mpya. Utawala wa Wajerumani ulipokwisha, jina nalo likafa.

Kasri lenyewe bado lipo. Sehemu yake iliungua mwaka 1963, ikajengwa upya. Malkia Elizabeth alifika mwaka 1965. Ukoo ule ule unaishi humo, na wageni huingizwa kwa tiketi.

Mume wangu alikaa kimya muda mrefu. "Kwa hiyo waliobeba vile vyuma hawakuliona hilo kasri?"

"Wangelionea wapi?"

Asubuhi nikamkuta ufukweni na mwenye mtumbwi mmoja, wanabishana. Lumbila ni mbali, mzee alimwambia, subirini meli ya Itungi.

"Sawa," akajibu mume wangu, "ila nauli ya watu wawili ni shilingi ngapi?"