Uwiano ni Ngao ya Mnyonge

Nataka kuhojiana nawe, msomaji, juu ya jambo ambalo wengi hulidharau. Husemwa katika madarasa yetu kwamba uwiano na ubadilishaji wa vipimo ni sura kavu ya kitabu cha hisabati, sura ya kukaririwa juma moja kabla ya mtihani na kusahauliwa juma moja baada yake. Nayapinga maneno hayo. Nasema kwamba katika kitabu kizima hapana sura inayomlinda mtu wa kipato kidogo kuliko hiyo. Na kwamba mwalimu anayeifundisha kwa hila za kukariri, pamoja na mwanafunzi anayeridhika na hila hizo, wote wawili wanampa mlaghai ufunguo wa mfuko wao.

Uwiano si mgeni katika nchi hizi. Kabla ya kilo na lita, wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kibaba na pishi, na kila mmoja alijua kwamba vibaba vinne hufanya pishi moja. Nguo ilipimwa kwa shibiri na mkono: shibiri mbili ni mkono mmoja, mikono minne ni pima moja. Karafuu za Unguja na Pemba ziliuzwa kwa frasila, nayo frasila ilikuwa ratli 35. Wazee waliposema kwamba haba na haba hujaza kibaba, hawakuwa wakipamba maneno tu. Walikuwa na kibaba chenyewe mkononi. Kisha utawala wa Waingereza ulileta futi, galoni na ekari. Na baada ya uhuru wa 1963 Kenya ikaingia katika meta, lita na kilo. Lakini kipimo kipya hakikukifukuza kipimo cha zamani. Leo hii katika Nairobi mahindi hupimwa kwa gorogoro sokoni, sukari kwa kilo dukani, kiwanja hutangazwa kwa futi na ekari, na hati ya kiwanja hicho hicho huandikwa kwa hekta. Mji wetu husema lugha kadhaa za vipimo kwa siku moja. Asiyeweza kutafsiri kutoka lugha hii hadi ile ni kama mgeni aliye sokoni bila mkalimani, na wajinga ndio waliwao.

Tuanze na maji, kwa kuwa hakuna aishiye bila hayo. Mitaa ya Lavington na Kawangware ni majirani. Mtu hutoka katika mmoja akaingia katika mwingine kwa miguu. Katika mtaa wa kwanza maji hutoka bombani, na hati ya malipo huhesabu kwa mita ya ujazo, ambayo ni lita 1,000. Katika mtaa wa pili wengi hununua kwa mtungi wa lita 20. Tuseme mtungi mmoja ni shilingi 10. Fedha hiyo yaonekana ndogo, na mtu huitoa bila kukunja uso. Lakini gawanya 1,000 kwa 20: utapata mitungi 50 katika kila mita ya ujazo. Mitungi 50 kwa shilingi 10 ni shilingi 500. Siku ya uhaba, mtungi ukipanda hadi shilingi 20, maji yale yale yamekuwa shilingi 1,000. Sasa omba hati ya maji ya mtu mwenye bomba, uweke namba hizo kando ya yake. Ripoti ya Maendeleo ya Binadamu ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2006 ilisema kwamba wakazi wa mitaa ya mabanda ya Nairobi walilipa mara tano hadi mara kumi zaidi, kwa kipimo kilekile cha maji, kuliko wakazi wa mitaa ya matajiri wa mji huo huo. Jambo kama hilo halionekani kwa macho. Macho huona shilingi 10 tu. Uwiano ndio uonao.

Na yaliyo ya maji ndiyo yaliyo ya sukari, mafuta ya kupikia na sabuni. Tuseme kilo moja ya sukari ni shilingi 160, na robo kilo ni shilingi 45. Mnunuzi wa robo hudhani amelipa kidogo. Naam, amelipa kidogo leo. Lakini robo nne ni shilingi 180. Amelipa shilingi 20 zaidi kwa kilo ile ile, yaani sehemu moja kwa nane ya bei. Anunuaye robo kila siku, kila siku ya nane atakuwa amelipa bei ya robo nane kwa sukari ambayo angeipata kwa bei ya kilo mbili na fedha ikabaki.

Tupande sasa kutoka jambo dogo hadi jambo la maisha mazima. Katikati ya mji utaona matangazo ya viwanja. Watu husema "hamsini kwa mia", maana yake futi 50 kwa futi 100, na aghalabu kiwanja hicho huitwa sehemu ya nane ya ekari. Je, ni kweli? Ekari moja ni futi za mraba 43,560. Gawanya kwa nane, utapata 5,445. Lakini 50 mara 100 ni 5,000. Zimepungua futi za mraba 445. Huenda namba hiyo isikuguse, basi itafsiri kwa lugha ya mitaa yetu: chumba cha kupanga cha futi kumi kwa kumi ni futi za mraba 100. Zilizopungua ni vyumba vinne na karibu nusu ya chumba cha tano! Kama bei ni shilingi 200 kwa kila futi ya mraba, sehemu ya nane kamili ni shilingi 1,089,000, na hamsini kwa mia ni shilingi 1,000,000. Anayelipa bei ya kwanza kwa kiwanja cha pili ametupa shilingi 89,000. Muuzaji atasema kwamba ardhi iliyobaki imekwenda katika barabara. Yamkini asema kweli, kwa kuwa viwanja havina budi kuwa na njia. Walakini asemaye kweli haogopi kuulizwa, na asiyejua hesabu hana la kuuliza.

Angalia tena hati. Sehemu ya nane ya ekari ni karibu hekta 0.0506, hamsini kwa mia ni karibu hekta 0.0465. Tofauti yote imejificha nyuma ya nukta na sifuri. Na hapa wanafunzi wengi hujikwaa: hukumbuka kwamba meta moja ni futi 3.28, wakadhani kwamba meta moja ya mraba ni futi za mraba 3.28. La! Upande mmoja umezidishwa kwa 3.28, na upande wa pili nao vivyo hivyo. Kwa hiyo meta ya mraba ni futi za mraba 10.76.

Usidhani kwamba ngao hii ni ya mnunuzi peke yake. Mkulima wa Nyandarua aletaye viazi katika soko la Wakulima, tuliitalo Marikiti, amelalamika miaka mingi juu ya gunia linaloshonewa kilemba juu ya mdomo wake. Tuseme gunia la kilo 50 ni shilingi 2,000, yaani shilingi 40 kwa kilo. Likijazwa hadi kilo 80 kwa bei ile ile, kilo moja imeshuka hadi shilingi 25, na mkulima ametoa bure viazi vya shilingi 1,200. Mwaka 2019 serikali ya Kenya ilitoa kanuni za kulifanya gunia la viazi kuwa la kilo 50. Kanuni ni njema, lakini karatasi haina macho. Mwenye macho ni mkulima ajuaye kuuliza: kilo moja imekuwa kiasi gani?

Ikiwa mambo ndiyo haya, mbona mtu amaliza shule na bado anapunjwa? Jibu langu ni hili: kwa sababu tunafundisha hila badala ya maana. Mwanafunzi huambiwa aziandike namba nne, azidishe hii kwa ile iliyo mshazari wake, kisha agawanye. Hupata jibu sahihi na alama nyekundu ya pongezi. Lakini umwulize kwa nini amezidisha, naye atakutazama kama uliyemtukana. Hila hiyo haimwambii ni wapi itumike na ni wapi isitumike.

Chukua uji. Vikombe 2 vya unga vinataka vikombe 6 vya maji. Je, vikombe 5 vya unga vitataka maji kiasi gani? Wengi hufikiri hivi: unga umeongezeka vikombe 3, basi tuongeze maji vikombe 3, yawe 9. Hao watapika kitu kilicho ndugu wa ugali. Kila kikombe cha unga kinadai vikombe vitatu vya maji, kwa hiyo vikombe vitano vinadai 15. Hapa kuongeza ni kosa na kuzidisha ndiyo haki.

Lakini sasa chukua saa. Kwa Kiswahili masomo huanza saa 2 asubuhi. Simu yako huandika 8. Mapumziko ni saa 4; simu huandika 10. Saa 4 ni maradufu ya 2, lakini 10 si maradufu ya 8. Aliyekariri hila ya mshazari atasema kwamba 2 ikiwa 8, basi 4 ni 16, naye atakwenda mapumzikoni wakati wenzake wamekwisha kurudi nyumbani! Saa hubadilishwa kwa kuongeza 6 au kupunguza 6, si kwa kuzidisha, kwa kuwa saa mbili hizo hutofautiana mahali zinapoanzia kuhesabu, si ukubwa wa saa yenyewe. Kilo na ratli huanza pamoja katika sifuri. Hutofautiana kwa ukubwa, na kwa hiyo hubadilishwa kwa kuzidisha. Mwanafunzi aliyeelewa tofauti hiyo ameelewa sura nzima.

Wako watakaonijibu kwamba siku hizi simu hufanya hesabu zote. Ni kweli kwamba simu hugawanya upesi kuliko mimi nawe. Lakini simu hujibu lile iliuliziwalo. Haijui kama umeuliza lililo sawa. Mwezi Julai 1983 ndege ya Air Canada, aina ya Boeing 767, iliishiwa na mafuta ikiwa angani. Safari ilihitaji mafuta ya kilo 22,300. Waliohesabu walitumia namba 1.77, ambayo ni ratli za mafuta katika lita moja, badala ya karibu 0.8, ambayo ni kilo. Kuzidisha na kugawanya kulikuwa sahihi. Kipimo ndicho kilichokuwa si chake. Ndege iliondoka na mafuta yasiyofika nusu ya yaliyotakiwa. Kwa ustadi wa rubani ilishuka bila injini katika Gimli, nchini Canada, na wote wakapona. Basi, kama wataalamu wenye vyombo waliponzwa na namba isiyo na jina la kipimo, wewe utaokolewaje na simu?

Yuko na mpinzani wa pili, na huyu namheshimu zaidi. Husema: "Mama anunuaye robo ya sukari anajua kwamba ni ghali. Hana fedha ya kilo. Hesabu yako haitampa." Maneno hayo yana ukweli. Mwenye ujira wa siku hununua chakula cha siku, na mwenye kibanda naye hubeba gharama ya kupima, kufunga na kukopesha; si kila auzaye kidogo ni mwizi. Lakini kujua kwamba kitu ni ghali si sawa na kujua ni ghali kwa kiasi gani. Majirani watano waliojua kiasi hicho wanaweza kuunda chama, wakanunua mfuko mmoja na kuugawa kwa haki kulingana na mchango wa kila mmoja. Na kugawa huko kwenyewe ni uwiano. Raia waliojua bei ya mita ya ujazo katika mtaa wao na katika mtaa wa jirani wanaweza kumwendea diwani wao na namba mkononi badala ya manung'uniko. Manung'uniko hujibiwa kwa ahadi. Namba haina budi kujibiwa kwa namba.

Kwa hiyo nawaambia walimu wenzangu: leteni mizani darasani, na gorogoro, na kamba ya kupimia, na hati ya maji. Mwanafunzi apime kabla ya kukokotoa. Nawe msomaji, usikubali kupewa hila. Kila ukutanapo na hesabu ya namna hii, jiulize maswali matatu. Je, vitu hivi viwili hukua kwa kuzidishana au kwa kuongezeana? Je, kimoja ni kiasi gani: kilo moja, lita moja, futi moja ya mraba? Na je, jibu langu lina akili, au nimempa mtu uji wa kukatwa kwa kisu? Tena usiandike namba bila jina la kipimo chake, kwani namba isiyo na jina ni kama mtoto aliyepotea Marikiti: kila mtu aweza kudai ni wake.

Mizani ya hila imelaaniwa katika vitabu vitakatifu tangu zamani, na bado ipo. Laana haikuiondoa. Itapungua siku ile mnunuzi wa mtungi mmoja, mpangaji wa chumba kimoja na mkulima wa gunia moja watakapokuwa na desturi ya kuuliza bei ya kimoja kabla ya kutoa fedha. Desturi hiyo haihitaji chuo kikuu. Yahitaji kuzidisha, kugawanya, na moyo wa kutoona haya kuuliza. Mambo mawili ya kwanza umekwisha kufundishwa. La tatu ni juu yako.