Mita za LUKU na dakika zilizojaa
Mwenye mita ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla, hapa kwetu Zegereni atazikumbuka tarakimu 60 za mwaka 2024: makundi matatu ya tarakimu 20, mawili ya kusasisha mita, la tatu ndilo la umeme wenyewe. Wapangaji wanaochangia mita moja waligombana nani abonyeze. Sababu ya tarakimu hizo ilikuwa hesabu: mfumo wa mita hizi, unaotumika nchi nyingi, ulihesabu dakika tangu Januari 1993, na nafasi ya kuzihesabia ilijaa Novemba 24, 2024. Usiposasisha, mita inakataa tokeni mpya. Nawapa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, haki yao: walianza miezi kadhaa kabla, kila mteja akasasisha pale aliponunua umeme, badala ya nchi nzima kuguswa usiku mmoja. Mei 2021 tuliona upande wa pili, mfumo wa kununulia LUKU ulipogoma kwa siku kadhaa, foleni zikajaa ofisini kwao, na Waziri wa Nishati wa wakati huo, Kalemani, akaagiza wakuu wa TEHAMA wasimamishwe kazi. Kusimamisha mtu ni rahisi (na kunapendeza kwenye kamera). Mtambo wa akiba uliojaribiwa ndio wenye gharama. Na tutauhitaji: hesabu mpya ya dakika imeanzia 2014, hivyo itajaa tena 2045.