Fundi wa Chuma Apewe Haki ya Kupimwa

Wasomaji wetu wa Mwanza watakumbuka Februari 2023, meli ya MV Mwanza iliposhushwa majini katika bandari ya Mwanza Kusini. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Meli yenye urefu wa mita 92.6, ya kuchukua abiria 1,200 na mizigo tani 400, si mtumbwi. Tangu MV Bukoba izame tarehe 21 Mei 1996 na kuondoka na mamia ya ndugu zetu, watu wa Mwanza na Bukoba walikuwa wakiingoja meli kama hiyo.

Lakini gazeti hili lina swali moja ambalo siku ile halikuulizwa. Meli ya chuma haipigiliwi misumari. Ni mabamba yanayoungwa kwa moto wa umeme, mshono baada ya mshono, ndani na nje, na kila mshono una mkono wa mtu. Mikono ile ilikuwa ya nani? Kazi ilishikwa na makampuni ya Korea ya Kusini yakishirikiana na SUMA JKT yetu, na vijana wetu walikuwamo. Twajua walikuwamo. Tunalouliza ni hili: kijana aliyechomelea meli ile, alipotoka getini siku yake ya mwisho, alitoka na nini? Mshahara ameshaula. Je, alitoka na karatasi inayosema kwamba huyu amepimwa na anaweza?

Kama hakutoka nayo, basi kazi ile imetuachia meli tu, na meli huzeeka.

Ndugu wananchi, chuma si mgeni katika ziwa hili. Huko Katuruka, upande wa Bukoba, wataalamu wa mambo ya kale wamechimbua mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma za zamani za miaka ipatayo elfu mbili. Warongo wa upande wa Geita na Biharamulo waliyeyusha chuma kwa mivukuto na kufua majembe, na majembe hayo yalilima Usukuma na kulipia mahari kabla hajaonekana mfanyabiashara wa Ulaya. Lakini meli zilipokuja, zilikuja katika masanduku. William Mackinnon iliundwa Uskochi, ikaletwa vipande vipande, ikateremshwa majini Kisumu mwaka 1900. Victoria nayo iliundwa Uskochi, ikafunguliwa, ikasafirishwa, ikaungwa Kisumu na kuanza safari mwaka 1961, mwaka ule ule tuliopata Uhuru. Kazi ya mwenyeji ilikuwa kubeba vipande.

Leo si hivyo tena. Pale Ilemela kampuni ya Songoro Marine, kampuni ya Kitanzania, imeunda vivuko vya chuma kama MV Misungwi na MV Mwanza ya kivuko, iliyotangulia meli kubwa yenye jina hilo. Vimebeba watu na magari, na waliovichomelea ni vijana wa hapa hapa. Kwa hiyo yule asemaye kwamba Mwafrika hawezi kazi hii na aende Ilemela akatazame, asitusumbue.

Basi shida iko wapi? Pita Nyakato, pita Mabatini, pita Igoma mpaka Buhongwa. Kila hatua mia utamkuta fundi wa kuchomelea kando ya barabara, anaunda mageti, grili za madirisha, vitanda, matoroli, majiko. Wengi wao hawakupita chuo. Walianza kwa kushika chuma ili kaka achomelee, kisha kusaga kwa grainda, kisha siku kaka alipokwenda kula, wakashika rodi wenyewe. Huo ni uanagenzi, na ni wa kweli. Lakini mwanagenzi huyo hufundishwa kile ambacho kaka anakijua, na kaka alifundishwa hivyo hivyo.

Geti hulazwa chini likachomelewa. Meli hailali. Bomba halilali. Huko fundi huchomelea kwenye ukuta uliosimama, huchomelea juu ya kichwa chake huku chuma kilichoyeyuka kikitaka kumwangukia usoni, na katika mtihani mkubwa wa mabomba hufungiwa bomba likiwa limeinama nyuzi 45, halizungushwi, naye ndiye analizunguka. Kisha mshono wake hukatwa vipande na kukunjwa kwa mashine. Ukifunguka ufa, amekosa. Au hupigwa picha kwa mionzi, kama mfupa uliovunjika, na kijitundu kisichoonekana kwa macho huonekana. Hapo hakuna kusema "bosi, hii imeshika." Hesabu yenyewe husema.

Tena kuna mambo madogo ambayo barabarani hayana mwalimu. Rodi za kazi nzito lazima zihifadhiwe kavu kabisa, zikaukiwe katika tanuri, kwa sababu unyevu uliomo huingia ndani ya mshono na kuupasua baadaye, wakati fundi ameshalipwa na kwenda zake. Nasi tunaishi kando ya ziwa. Pakiti ya rodi iliyofunguliwa tangu masika imekaa kwenye boksi kibandani. Bado macho. Vijana wanachomelea kwa miwani ya jua, usiku macho yanawaka kana kwamba yametiwa mchanga, asubuhi wanarudi kazini. Wengine huchomelea mabati yenye zinki, jioni wakashikwa na homa na kutetemeka, wakaambiwa wanywe maziwa. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayazuii moshi kuingia kifuani.

Ndiyo maana tunasema fundi huyu anahitaji vitu viwili, na kimoja bila cha pili hakitoshi. Anahitaji kujaziwa kile alichokosa, na anahitaji kupimwa na kupewa cheti. Utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunza kazini upo. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina kazi ya kurasimisha ujuzi: fundi hupimwa, huongezewa mafunzo mafupi, hupewa cheti bila kuanza upya darasani. Ni jambo jema, na aliyelibuni tunamshukuru. Lakini waulize mafundi wa mtaani kwako ni wangapi wamewahi kulisikia. Mtu aliyekaa na rodi miaka kumi hawezi kufunga kibanda kwa wiki nzima aende kutafuta fomu, maana watoto wanakula jioni ile ile.

Sasa kazi ziko njiani, nyingine zimeshapita. Daraja la Kigongo–Busisi, kilometa 3 juu ya maji, lilifunguliwa Juni 2025. Waliolijenga ni makampuni ya China. Reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka iliwekewa jiwe la msingi mwaka 2021. Bomba la mafuta kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye kilometa 1,443, njia yake inapita Kagera, Geita na Shinyanga, yaani mlangoni petu. Katika kazi za namna hiyo mkandarasi haulizi mtu ana miaka mingapi barabarani. Anauliza cheti cha mtihani wa mshono. Asiyekuwa nacho huambiwa: wewe utabeba. Je, tumetoka kubeba vipande vya William Mackinnon ili tuje kubeba mabomba?

Hatumlaumu mkandarasi. Yeye ana mkataba na anaogopa ufa. Tunawasemesha walio na uwezo wa kuandika mikataba. Kila mkataba mkubwa wa serikali useme wazi ni vijana wangapi wa wilaya ile watapimwa na kupewa vyeti kabla kazi haijaisha, na malipo ya mwisho yasitolewe mpaka vyeti vihesabiwe.

Na fedha je? Mwajiri hukatwa ushuru wa kuendeleza ufundi stadi juu ya mishahara anayolipa. Mwaka 2023 ushuru huo ulishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5. Kwa miaka mingi mgawo wa VETA katika fedha hiyo umekuwa theluthi moja tu, nyingine imekwenda Hazina na mikopo ya wanafunzi wa vyuo vikuu. Hatuwaonei kijicho wanafunzi hao. Lakini ushuru uliopewa jina la ufundi, fundi akipata theluthi, sisi tunaona hesabu hiyo imepinda, na Wabunge wa Kanda ya Ziwa waulizwe na wapiga kura wao.

Jambo jingine ni la aibu kidogo, nasi tuliofunzwa ualimu twalijua kuliko wengine. Mtoto akianguka mtihani huambiwa, "Basi, utakwenda VETA," kwa sauti ile ile ya kumwambia mtu kwamba amefiwa. Tangu Januari 2024 shule kadhaa za sekondari zimeanza mkondo wa amali, ambamo mtoto anasoma ufundi pamoja na masomo mengine. Mkondo huo utakufa mikononi mwa walimu ikiwa watapeleka huko wale tu wasiowataka. Kuchomelea bomba kunataka jiometri, kunataka kujua umeme, kunataka kusoma mchoro. Na wasichana wasiambiwe moto si wao. Wanapika kwa moto tangu wana miaka saba na hakuna aliyewaonea huruma.

Tunamaliza na kazi ya matawi. Kila tawi la wilaya za Nyamagana, Ilemela, Magu, Misungwi, Sengerema, Kwimba na Ukerewe lichague ndugu wawili, wapite mitaani na waandike mafundi wote wa kuchomelea: jina, umri, miaka aliyofanya kazi, kama amewahi kupimwa, na saa zipi anaweza kuhudhuria mafunzo bila kufunga kibanda. Tusiwaandike wanachama peke yao. Rodi haijui kadi. Tukiwa na orodha hiyo tutakwenda kwa wakuu wa VETA Nyakato na wa vyuo vya maendeleo ya wananchi vya Sengerema na Malya, tuwaombe karakana zifunguliwe jioni na Jumapili, na wapimaji waje kwa mafundi badala ya mafundi kuwatafuta wapimaji. Tutakwenda na majina, maana mtu akija na majina elfu moja ni vigumu kumwambia arudi kesho.

Orodha ziletwe ofisi za wilaya kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Gazeti hili litachapa idadi iliyoletwa na kila tawi, na tawi ambalo halikuleta litachapwa pia.