Kusikia bila kusimamisha kazi haisaidie kitu

Wandugu wa mugodi, tuangalie mambo ya Kanada. Nyangumi wa namna moja wa Atlantiki ya Kaskazini wanabakia chini ya 400. Mwaka 2017, 12 walikutwa wamekufa katika maji ya Kanada: masua ziligonga wamoja, kamba za wavuvi zikafunga wengine.

Ndani ya maji macho hayafike mbali, lakini sauti inafika. Basi wataalamu wanashusha mikro chini. Wakisikia ule mulio, serikali inaweza kufungia wavuvi eneo lile siku 15, hata wavuvi wa kaa wenye kupata makuta mingi. Katika njia zingine, masua zinapunguza mwendo mpaka karibu kilometa 18 na nusu kwa saa.

Lakini mama mwenye mutoto mudogo analia kidogo sana. Mikro ikinyamaza, si kusema hakuna nyangumi.

Ile tunaielewa. Jiwe inalia mbele ya kuanguka, siku zingine inaanguka kimya. Na ikilia, nani ana ruhusa ya kusimamisha kazi? Mbele ya wakubwa, tusiombe mashini tu. Tuombe na sheria: ikisikiwa, batu batoke, na mushahara usikatwe.