Kiswahili Katika Filamu za Marekani: Sifa Zetu, Faida ya Nani?

Juzi baada ya sala ya isha tulikuwa barazani tukinywa kahawa, kama ilivyo ada yetu, akapita kijana mmoja amevaa fulana iliyoandikwa kifuani maneno mawili: "Hakuna Matata". Mzee aliyeketi kando yangu akamwita, akamwambia: "Mwanangu, ivue fulana hiyo. Maneno hayo si yetu tena, Wamarekani washayanunua." Kijana akacheka, akamjibu kwa adabu: "Ami, yatanunuliwaje na sisi hatujayauza?" Basi mjadala ukaanza, na kahawa ikapoa vikombeni.

Suali la kijana ni la haki, na hofu ya mzee nayo haikuzuka hivi hivi. Nimerudi nyumbani nikitafakari, nikaona si vyema jambo hili liishie barazani. Kwani lugha ni mali, na mali isiyojulikana mwenyewe huliwa na kila mpita njia. Natutazame basi, msomaji wangu, Wamarekani wamekitumiaje Kiswahili chetu katika sinema zao, michezo yao ya televisheni na video zao za muziki, kisha tuulize: sifa tumezipata, je, faida imekwenda kwa nani?

KUTOKA NYIKANI HADI ANGANI

Mwanzo ulikuwa wa mawindo. Mwaka 1953 ilitoka filamu iitwayo Mogambo, iliyoongozwa na John Ford, akicheza humo Clark Gable pamoja na Ava Gardner na Grace Kelly. Ilipigwa Kenya, Uganda na Tanganyika. Watu waliambiwa kuwa jina hilo ni neno la Kiswahili lenye maana ya mapenzi makali. Lau wangemuuliza mtoto yeyote wa chuoni hapa Pwani, angewaambia kuwa neno hilo halimo. Tulilo nalo sisi ni mgambo, na mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Lakini nani aliulizwa?

Miaka tisa baadaye, 1962, ikaja Hatari! ya Howard Hawks, John Wayne akiwafukuza vifaru na twiga kwa gari katika nyika za Tanganyika. Hapa angalau neno lilikuwa sahihi na lilikaa mahali pake. Hata hivyo Kiswahili kilibaki kwenye bango la mlangoni. Ndani ya ukumbi mazungumzo ya maana yalikuwa ya wageni, na mwenyeji alikuwa wa kubeba mizigo na kuendesha gari.

Kisha lugha yetu ikapaa angani. Tarehe 8 Septemba 1966 televisheni ya Marekani ilianza kuonyesha Star Trek, hadithi ya merikebu isafirio baina ya nyota. Humo mlikuwa na afisa wa mawasiliano, mwanamke mweusi, jina lake Uhura. Nichelle Nichols, aliyeucheza upande huo, alisimulia kwamba siku ya kujaribiwa alikuwa amechukua mkononi kitabu cha Robert Ruark kiitwacho Uhuru. Neno hilo likawapendeza, irabu ya mwisho ikageuzwa ili lisikike kama jina la kike, na jina likapatikana. Kenya ilikuwa na umri usiotimia miaka mitatu tangu ijitawale.

Bibi huyo alipotaka kuacha kazi baada ya mwaka wa kwanza, ni Dkt. Martin Luther King mwenyewe aliyemsihi asiondoke, kwa kuwa watu weusi walikuwa wakijiona katika kioo kile wakiwa na heshima. Nichols alifariki mwaka 2022. Huu, kwa maoni yangu, ndio mfano bora wa neno letu kutumika ng'ambo: liligeuzwa umbo kidogo, lakini lilitumwa kazi ya kheri, na kazi hiyo liliifanya.

Mwaka 1983 lilitokea jingine. Katika filamu ya Return of the Jedi, nayo ni ya mambo ya angani, mna rubani mwenye sura ya kiumbe cha ajabu aitwaye Nien Nunb. Sauti yake ilikuwa ya kijana Mkenya, Kipsang Rotich, naye alizungumza Kikuyu. Watazamaji wa Marekani wakadhani ni lugha ya sayari ya mbali. Msemaji wa Kikuyu aliyekuwa ukumbini alisikia lugha ya mamake. Jambo hilo linachekesha, lakini lina uchungu ndani yake, kwani jina la Rotich halikuandikwa mwishoni mwa filamu ile pamoja na majina ya wenziwe. Lugha ya watu hai ilifanywa sauti ya mzuka, na mwenye kuitamka akaachwa gizani.

VIDEO ZA MUZIKI

Tarehe 1 Agosti 1981 ndipo ilipoanzishwa MTV, televisheni ya kuonyesha muziki mchana na usiku, na tangu hapo wimbo ukawa si wa kusikizwa tu bali wa kutazamwa. Mwaka 1983 Lionel Richie alitoa wimbo na video ya All Night Long, ambamo mna kiitikio kinachosikika kama Kiafrika. Wengi walikitafuta katika lugha zote wasikipate. Mwenyewe amekiri kuwa maneno yale aliyatunga tu, hayana maana katika lugha yoyote. Yaani Uafrika ulitakikana kwa ladha yake, kama iliki katika chai, ila hapakuwa na haja ya kumwuliza mwenye shamba.

Michael Jackson naye, katika sahani yake ya mwaka 1987, aliweka wimbo uitwao Liberian Girl, na video yake ikatoka mwaka 1989 imejaa nyuso za watu mashuhuri. Mwanzoni husikika sauti ya mwanamke akitamka maneno ya mahaba kwa Kiswahili fasaha. Sauti hiyo ni ya Letta Mbulu, mwimbaji wa Afrika Kusini. Sasa tazama: msichana ni wa Liberia, iliyoko pwani ya magharibi, maneno ni ya pwani ya mashariki, na mtamkaji ametoka kusini kabisa. Bara zima limefungwa katika kitambaa kimoja. Simlaumu marehemu, kwani aliipa lugha yetu masikio ya mamilioni. Nasema tu kwamba asiyetutofautisha hawezi kujua deni lake ni kwa nani.

MANENO MAWILI YA SIMBA

Ndipo tufike kwenye fulana ya yule kijana. Mwaka 1994 kampuni ya Disney ilitoa katuni ya The Lion King. Majina humo ni ya kwetu: Simba, Rafiki, Sarabi, Pumbaa, na fisi aitwaye Shenzi. Wimbo wake mmoja umejengwa juu ya maneno hakuna matata. Mwaka huo huo kampuni iliomba maneno hayo yasajiliwe Marekani kuwa alama yake ya biashara katika mavazi, na mwaka 2003 usajili ukakubaliwa. Watu hawakuzinduka hata mwaka 2018, filamu mpya ya hadithi ile ikikaribia kutoka, Mzimbabwe mmoja alipoanzisha ombi la kuipinga, na zaidi ya watu 50,000 wakatia saini.

Hapa lazima tusimame tupambanue, maana ghadhabu isiyo na elimu huumiza mwenyewe. Alama ya biashara si hati ya kumiliki lugha. Humzuia mfanyabiashara mwingine asiuze bidhaa za aina ile ile kwa alama ile ile, katika nchi iliyosajiliwa. Haimkatazi mtu kusema, kuimba wala kuandika. Kwa hivyo kijana wetu na avae fulana yake hapa Mombasa bila wasiwasi. Lakini akitaka kuzichapisha fulana hizo na kuziuza Marekani, huko ndiko atakakokutana na mlango uliofungwa kwa kufuli iliyoandikwa kwa lugha yake mwenyewe. Hilo ndilo dhara, na si dogo kwa wauzaji wa kanga na vikoi wanaotafuta soko la nje.

Tena tuseme kweli. Mswahili wa Mombasa au Lamu hasemi sana hakuna matata. Husema hapana shida, au hapana taabu. Waliolivumisha neno hilo duniani ni Them Mushrooms, vijana wa pwani hii hii, kwa wimbo wao Jambo Bwana wa mwaka 1982, uliotungwa kwa watalii wa hotelini. Mwaka uliofuata kundi la Boney M liliuimba huko Ulaya. Yote haya yalitangulia katuni ya simba kwa zaidi ya miaka kumi. Soko lilikuwa limekwisha tengenezwa na watu wetu. Aliyekwenda kusajili akawa mwingine.

Na katika filamu ile ile mna kisa kingine kizito zaidi. Mnasikika humo wimbo wa simba aliyelala, ambao asili yake ni Mbube, alioutunga na kuurekodi Solomon Linda wa Afrika Kusini mwaka 1939. Alilipwa shilingi kumi kwa haki zake, akafa maskini mwaka 1962. Binti zake walifungua kesi mwaka 2004, wakitumia kifungu cha sheria ya zamani ya Kiingereza kinachowarejeshea warithi haki miaka 25 baada ya kufa mtunzi. Februari 2006 yakapatikana mapatano, nao wakaanza kupata chao. Mapatano hayo yaliwezekana kwa sababu moja: ilijulikana pasi na shaka nani aliutunga.

SAUTI BILA MWENYEWE

Mtu ataniambia kuwa hayo yamepita. La, hayajapita, yamebadilika sura. Tarehe 2 Mei 1923 ingekuwa historia, lakini ni 2 Mei 2023 ambapo waandishi wa filamu na televisheni wa Marekani waligoma, wakakaa siku 148. Waigizaji wakawafuata tarehe 14 Julai, wakagoma siku 118. Walidai malipo bora, na walidai jambo jipya pia: mashine za akili bandia zisichukue sura na sauti ya mtu bila idhini yake na bila kumlipa. Waigizaji walipata kifungu hicho katika mkataba wao.

Chukua mfano wa James Earl Jones, aliyekuwa sauti ya Mufasa mwaka 1994 na tena 2019. Mwaka 2022 ilijulikana kuwa ameridhia rekodi zake za kale zitumiwe na mashine kutengeneza sauti ya Darth Vader. Alifariki Septemba 2024, na sauti yake bado yaweza kusema. Lakini yeye aliulizwa, akakubali kwa hiari yake. Sasa mfikirie mama wa Kisauni au kijana wa Malindi anayeitwa studio kusoma maneno elfu moja ya Kiswahili, akapewa nauli na chakula cha mchana. Sauti ile itakwenda wapi? Itasema nini, kwa miaka mingapi, na mwanawe atapata nini? Nachelea tusije tukamzaa Solomon Linda wa pili, na safari hii hata jina lake lisijulikane.

TUFANYE NINI?

Wahenga wetu walilijua jambo hili. Mtunzi wa utenzi alianza kwa jina la Mola, na alipofika tamati alijitaja jina, na aghlabu akataja mji wake na mwaka aliotunga. Wengine walidhani ni majivuno. Kumbe ilikuwa ni hati. Ndiyo maana hata leo twajua kazi nyingi za karne zilizopita ni za nani.

Nasi na tufanye vivyo hivyo kwa njia za leo. Mtunzi wa wimbo auandike, autie tarehe, aupeleke kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Mfanyabiashara mwenye jina zuri la bidhaa alisajili hapa na kule anakokusudia kuuza. Mwenye kutoa sauti yake asome mkataba kabla ya kufungua kinywa, na kama hajui kuusoma, atafute wa kumsomea. Na watengenezaji filamu wa Marekani, wakihitaji Kiswahili, waje wamwulize mwenyewe na waandike jina lake. Wameanza kuonyesha wanaweza: katuni yao ya televisheni The Lion Guard, iliyoonyeshwa hadi 2019, ilitumia maneno yetu mengi kwa usahihi, hata beshte, neno la vijana wa mitaani.

Nilipotoka barazani usiku ule, yule kijana alikuwa bado na fulana yake. Nikamwuliza ameinunua wapi. Akasema sokoni, kwa shilingi mia tatu. Tukaigeuza shingoni tukasoma kitambulisho chake. Ilikuwa imeshonwa ng'ambo.